Makala ya Moto wa Matanga

Saa sita mchana, motere ya plantasio ya pareto imelala na nyaya za kambi hazina umeme hata wa kuwasha taa, mashini ya hewa ya Généreuse ilivuta pumzi.

Alikuwa barazani anachambua maharagwe. Akasikia ndani ya nyumba kitu kinavuta hewa polepole, kama mtu mzima aliyetoka kupanda kilima na mzigo. Kikanyamaza. Kisha kikaachia, na mwisho wa kuachia kukaja kamluzi kembamba.

Alidhani ni Isidore, mume wake, karani wa plantasio, amerudi mapema na kupitia mlango wa nyuma.

"Papa Jeannette? Njo weye?"

Akaweka ungo chini, akaingia. Chumbani hapakuwa na mtu. Mashini ilikuwa mahali pake, kando ya kitanda cha mtoto, na kile kitambaa kinachofunika mdomo wake wa mbele kilikuwa kimebonyea kwa ndani kama shavu la kizee asiye na meno. Akiwa anakitazama, kikatoka nje taratibu.

Utasema ni upepo. Naye alisema ni upepo, hata akajicheka, maana mtu akishikwa na woga mchana kweupe hana budi kujicheka mwenyewe kabla jirani hajamcheka. Ila dirisha lilikuwa limefungwa, na nje ukungu wa Masisi ulikuwa umesimama wima bila kutikisa jani la mgomba.

Mashini yenyewe, hapo juu ya kilima cha Bihambwe, ilikuwa na jina kubwa. Mwaka ule wa 1956 nenda kambi zote za makarani, toka kilima hiki hadi kile: nyumba ya mtu mweusi yenye chombo cha kusafisha hewa ilikuwa hiyo moja tu. Isidore hakukinunua kwa majivuno, tusimsingizie. Jeannette, binti yao wa pekee aliyebaki, alikuwa na pumu tangu akinyonya. Mdogo wake alikuwa nayo pia, na yeye walikwisha kumzika. Sasa msimu wa pareto ukifika, vumbi la yale maua meupe likianza kuruka toka kwenye kikausho, Jeannette alishikwa: mabega yanapanda hadi masikioni, midomo inakuwa ya majivu, na mama yake anambeba mgongoni akizunguka nyumba, akimwambia Mungu maneno ambayo padri asingependa kuyasikia.

Ndipo mzungu mmoja jirani akafunga virago kurudi kwao, na madamu wake akatoa vitu nje viuzwe. Mashini za hewa zilikuwa mbili. Moja ndogo, nyepesi, inachuja kwa pamba. Nyingine ya mbao na bati, nzito, yenye pangaboi kwa nyuma na droo kwa mbele, na droo hiyo inajazwa makala, yale makaa ya kuni.

Généreuse aliipenda ile ndogo.

"Pamba yake inatoka Ulaya," Isidore alimnong'oneza. "Ikichafuka, tutafanya je? Tutamuandikia nani? Hii kubwa inakula makala. Makala, Généreuse! Nani anakosa makala huku Masisi?"

"Lakini iko kama sanduku ya kuzikia mutoto."

"Ayi! Hapana sema vile. Mutoto iko nasikia."

Wakaichukua kubwa. Madamu aliwaelekeza namna ya kuitunza, na Isidore akayashika maneno yake kama katekisimu: kitambaa kifuliwe kila Jumamosi, makala yawe ya kuni ngumu, yabadilishwe kila mwezi, yaoshwe kwa maji mengi mpaka maji yatoke meupe, yaanikwe, yakauke kabisa, mashini isiwashwe kamwe droo ikiwa tupu. Jioni motere ikiamka, mashini iliunguruma pembeni, na Jeannette alilala mabega yameshuka. Mama yake alilia kwa furaha usiku wa kwanza. Watoto wa kambi walikuja kuchungulia dirishani. Isidore aliwaambia kwamba ile inasafisha mupepo, nao wakakimbia wakiimba, "Mashini ya pepo! Mashini ya pepo!" Généreuse alicheka sana siku hiyo. Upepo na pepo, si herufi moja tu?

Kazi ya kuosha makala ilikuwa yake. Lakini mwezi ule wa mvua Isidore alirudi na gunia dogo begani, anatabasamu.

"Leo pumzika. Nimekuletea makala imeoshwa tayari, imekauka tayari. Angalia, kuni ngumu, inalia kama chuma."

Akagonganisha vipande viwili, kweli vikalia. Mke gani angeuliza zaidi? Akajaza droo.

Kisha ikaja ile saa sita mchana.

Baada ya hapo ilikuja harufu. Si ya moshi, maana moshi kila nyumba inao. Hii ilikuwa harufu ya moto uliomwagiwa maji, ule uchachu wa majivu mabichi unaokaa kooni. Alifua kitambaa. Alifua mashuka. Akapiga deki sakafu kwa sabuni, na harufu ikawa inamngoja pale pale kando ya kitanda. Kila asubuhi alimkuta Jeannette kwenye beseni anasugua meno kwa makala kama watoto wote, mdomo mweusi, anacheka. Na kila asubuhi kile kicheko kilikuwa kifupi kuliko cha jana, kikikatwa na kikohozi.

"Mama, ile mashini inachoka," mtoto alisema siku moja.

"Inachoka namna gani?"

"Inapumuaka kama muntu muzee."

Généreuse akamwambia anyamaze, anywe uji wake. Akaendelea kumimina mpaka uji ukafurika mezani.

Alasiri ya mvua kubwa ndiyo aliyoelewa. Jeannette alikuwa amelala, amejikunja kuelekea ukutani. Motere haikuwa imeamka. Na juu ya hayo Généreuse, kwa woga wake, alikuwa ameng'oa waya ukutani toka asubuhi na kuuzungushia kwenye msumari. Alikaa ukingoni mwa kitanda akishona kifungo. Mashini ikavuta pumzi. Akainua macho, si kwenye mashini bali kwa mwanawe, kama mama yeyote, na akaona kifua cha mtoto kimesimama, mashini ilipoachia, na kale kamluzi kalipotoka, ndipo kifua cha mtoto kikainuka, mashini ikavuta tena, na kifua kikasimama tena, midomo ikaanza kuwa ya majivu, na hivyo hivyo, huyu akivuta yule anangoja, yule akivuta huyu anangoja, kama watu wawili wanaokunywa kwa kibuyu kimoja, na kila zamu ya ile mashini ilikuwa ndefu kuliko iliyotangulia, na kila zamu ya mtoto ilikuwa fupi, mpaka Généreuse akatupa sindano, akamnyakua binti yake, akamtikisa, akipiga kelele, "Mwachie! Mwachie mutoto yangu! Hujamaliza weye?"

Kitambaa kikavimba. Na katikati ya kile kishindo cha mvua juu ya mabati, sauti kavu ya kiume ikatoka ndani ya droo, pamoja na mluzi wake.

"Bado."

Alitoka mbio na mtoto hadi barazani, mvua ikiwarushia maji usoni. Aliijua ile sauti. Nani kambini hakuijua? Ilikuwa ya Papa Nzabandora, mlinzi wa kikausho cha pareto, mzee mwenye pengo la meno ya mbele lililompa mluzi kila alipopumua. Kila jioni karani Isidore alimpigia kelele toka ofisini, "Papa Nzabandora, umemaliza?" naye akajibu, "Bado!" mpaka ikawa utani wa kambi nzima. Vumbi na moshi wa kikausho vilimla mapafu. Alikufa akiwa amekaa, akitafuta hewa. Na alikwisha kuzikwa kabla ya mashini kupewa makala mapya.

Isidore aliporudi aliwakuta bado barazani, wamejifunika kitenge kimoja.

"Sikia," Généreuse alisema chini chini, asimwamshe mtoto. "Papa Nzabandora iko mu nyumba yetu."

"Papa Nzabandora iko mu udongo."

"Iko mu mashini. Alinijibu."

"Généreuse, sisi ni bakristo. Mambo ya mizimu tuliiacha kwetu mu pori ya Walikale, mbele sijakujua. Iko mupepo tu, inapita ku..."

"Ingia basi. Ingia, ukae."

Aliingia kifua mbele, kama mtu mwenye kalamu mfukoni. Généreuse alimsikia akivuta kiti. Halafu akasikia ile pumzi ndefu, na mluzi, na baada ya hapo mumewe akatoka kinyumenyume, kofia ameishika mikononi, uso umekauka.

"Aliniita karani," alisema. "Aliniuliza juu ya nini nilimumwangia maji."

"Maji gani?"

Isidore akatazama chini.

"Isidore! Maji gani?"

"Ile makala... nilitosha, niliokota ku moto ya kilio yake."

Hapo Généreuse alishika nguzo ya baraza. Alikuwa binti wa vilima hivi, hakuhitaji kuelezwa. Mtu akifa, moto unawashwa nje ya nyumba yake, watu wanauzunguka, wanalia, wanalala hapo. Moto huo hauzimwi. Unaachwa ule kuni zake wenyewe mpaka uwe majivu, na majivu yanafagiliwa kwenye migomba. Ndivyo marehemu anavyojua amekwisha kuliliwa, na sasa aende. Kipande cha moto ule hakibebwi kwenda nyumba nyingine, hata cha kuwashia kiko cha tumbako.

Isidore alisema yote, akinong'ona kama aliye kwenye kitubio. Maua yalikuwa yameiva na mvua inatisha. Direkta wa plantasio alikasirika kwamba watu wamekaa matangani, akamtuma karani awarudishe shambani. Isidore alifika, akawauliza, "Mumemaliza?" Mukankusi, mjane, alimjibu kwa sauti iliyokauka kwa kilio, "Bado." Karani akasema amri ni amri, akachukua ndoo, akamwaga mwenyewe. Siku ya pili jua liliwaka. Alipita pale, akaona makala ya kuni ngumu yametapakaa, maji yameyaosha, jua limeyakausha. Vile vile kama madamu alivyoagiza.

"Nilisema isipotee bure," alisema, na machozi yakamtoka.

Maji yakishamwagika hayazoleki, wazee walisema. Mtu akizidisha, akamwaga juu ya moto wa maiti, tena akaokota, huyo hata methali hana.

Kulipokucha, ukungu haujainuka, walikwenda kwa Mukankusi. Isidore alibeba gunia, Généreuse alimbeba mtoto, ambaye sasa alipumua kwa kuiba iba. Gunia lilikuwa linapumua begani mwa Isidore njia nzima, na hakuthubutu kulibadilisha bega.

Mjane alikuwa anamenya viazi. Hakuinuka.

"Nilitafuta ile makala," alisema. "Nilisema ni imbwa, ao ni mvua. Kumbe ni karani."

"Mama Mukankusi, unisamehe. Niko..."

"Nyamaza. Weye sikusemeshe." Akamgeukia Généreuse. "Lete mutoto nimuone."

Akaweka sikio kifuani mwa Jeannette, akasikiliza. Uso wake ulibadilika, na sauti ikapungua ukali.

"Yewe, mama. Mume wangu njo huyu. Batu ya ng'ambo kule ku Shasha bangeita jini. Hapana jini. Ni muntu tu, alikosa kumaliza pumzi yake, na muntu wa vile anakaa fasi moto yake iko. Moto yake muliweka mu nyumba. Sasa anatafuta kifua ya kupumulia."

"Tufanye nini?" Généreuse aliuliza. "Niambie hata kama ni mimi nife."

"Kufa haitasaidia. Turudishe makala fasi ilitoka. Ule alizima, njo awashe, na mudomo yake, bila kipepeo. Batu barudi, balie mpaka mwisho. Lakini sikia vizuri, mama. Iko yote? Kikibaki kipande hata kidogo kama ukucha, tunapoteza kilio."

"Iko yote. Droo nilikung'uta mimi mwenyewe."

Na alisema kweli, kwa alivyojua.

Watu walikuja, wa kilima na wa kambi, hata wale waliomwogopa direkta. Makala yalimwagwa pale pale, juu ya alama nyeusi ya zamani. Isidore alipiga magoti na suruali yake ya ofisi, akawasha majani makavu, akapuliza. Makala yakakataa. Alipuliza mpaka midomo ikapasuka, mpaka akaanza kukohoa kikohozi kile kile cha kikausho, na wanawake wakaanza kulia kwa sauti ya chini, na ndipo kipande kimoja kikashika wekundu, kikafifia, kikashika tena, na wote waliokuwa pale wakaona kwamba ule wekundu ulikuwa unakuja na kwenda kama kifua, wote kwa pamoja, makala yote yakivuta na kuachia, na kila yalipoachia mluzi ulitoka katikati ya moto, na Jeannette mgongoni mwa mama yake alianza kuhangaika, akikwaruza shingo, mabega juu, macho meupe, na Généreuse akamlilia Nzabandora kama anavyomlilia baba yake mzazi, akamtaja kwa sifa zake, pengo lake, utani wake, subira yake kwenye moshi wa watu wengine, na wenzake wakaitikia, hata koo za watu zikakauka na kuni za mwisho zikaanguka.

Jioni palikuwa na majivu tu, meupe kama unga. Mukankusi alimsukuma karani begani.

"Muulize."

Isidore akalowesha midomo yake iliyopasuka. "Papa Nzabandora... umemaliza?"

Walingoja. Hakuna aliyejibu. Mjane akachukua ufagio.

"Amekwenda," alisema, na kwa mara ya kwanza toka mazishi alilia polepole, bila kelele.

Mgongoni Jeannette alikuwa anapumua. Pana, bila kukwama, bila ile sauti ya kukereza. Généreuse alimshusha, akamtazama mabega, akamtazama midomo, myekundu kama ya mtoto yeyote. Alimkumbatia Mukankusi, akamkumbatia na mumewe, akacheka na kulia pamoja mpaka watu wakamhurumia.

Mashini ilitupwa nyuma ya nyumba, kuku akatagia kwenye droo. Jeannette alianza kupanda kilima mbio kwenda shule ya misioni. Vumbi la pareto liliruka, naye hakukohoa. Majirani walisema muujiza. Isidore alilipa misa ya shukrani, na hakupita tena karibu na kikausho bila kuvua kofia.

Jioni moja Généreuse aliingia chumbani na taa ya mafuta, akamkuta binti yake anasugua meno kabla ya kulala.

"Hii makala unatosha wapi? Ku jiko imebaki majivu tu."

Jeannette akafungua kiganja. Kilikuwa kipande kidogo kama punje ya hindi, cheusi, kigumu, kimelainika kwa kusuguliwa.

"Ya mashini, mama. Ile ya jiko inakwaruza. Hii iko laini. Niko nayo tangu papa alileta gunia."

Généreuse alikipokea. Kilikuwa cha moto kidogo. Akakaza vidole juu yake. Aliwaza kwa Mukankusi si mbali, ukipita njia ya migomba, na moto wa kuchomea kitu kidogo namna hii hata mtoto anaweza kuuwasha. Alikwisha kufika mlangoni.

Nyuma yake mtoto alipanda kitandani, akajifunika, akavuta pumzi ndefu, tulivu, kama ya mtu mzima. Akanyamaza. Kisha akaachia, na mwisho wa kuachia kukaja kamluzi kembamba.

Meno ya Jeannette yalikuwa yote, hayana pengo hata moja.

Généreuse alisimama na taa yake. Alisikiliza mara nyingi, hakujua ni mara ngapi. Pumzi ile haikukwama. Mabega yalikuwa yameshuka. Alijua akikipeleka hiki kipande kwenye moto, pumzi hiyo itaondoka, na itabaki ile nyingine, ya binti yake mwenyewe, ambayo haikuwahi kumtosha hata siku moja. Ile ile iliyomwishia mdogo wa Jeannette mikononi mwa mama yake.

"Jeannette," aliita. "Umelala?"

"Bado," ikajibu kitandani. "Bado, mama Jeannette."

Akaiweka taa sakafuni. Machozi yalimshuka bila sauti. Akarudi, akainua ukingo wa mto, akakiweka kipande cha makala chini yake, mahali pakavu, akafunika kichwa cha mtoto vizuri na blanketi.

"Mutoto iko namna gani?" Isidore aliuliza toka barazani.

"Iko napumua muzuri," alisema Généreuse, akafunga dirisha.